Nyota Iliyolazwa Kifudifudi

Bi Lavinia Tuttle alikuwa katika mwaka wake wa tisa wa kukodolea nyota macho mchana kweupe. Nyota zenyewe zilikuwa kwenye vioo vya picha: mwanga wa kila moja umepitishwa kwenye prizma, kipande cha kioo kinachogawa mwanga kwa rangi zake, ukatandazwa ukawa ukanda mfupi wenye mistari. Kazi ya akina mama wa ghorofa ya pili ya kituo cha kuchunguza nyota ilikuwa kulinganisha ukanda na ukanda. Kuchungulia darubini waliachiwa wanaume, nao walirudi na mafua.

Jumatatu Lavinia alisema kuna nyota ambayo mistari yake imegawanyika miwili miwili, ilhali kwenye kioo cha wiki iliyotangulia ilikuwa mmoja mmoja. Profesa Whitcomb, mkuu wa kituo, akavitazama vioo vyote viwili, akachekea ndevuni. Hizo ni nyota mbili tofauti, alisema. Mistari haikai hata mahali pamoja. Kama macho yake yamechoka, arudi chumba cha chini kunakili tarakimu.

Lavinia alishakaa chumba cha chini miaka miwili, na heri angefua mashuka ya Boston nzima. Akaomba ajaribiwe.

Kesho yake Profesa akapanga vioo kumi mezani, majina yamefunikwa kwa karatasi. Lavinia akainama na lenzi yake. Vega. Capella. Altair. Akazitaja tisa bila kupumua, huku Ernestine Boggs wa meza ya jirani akisahau biskuti mdomoni. Kwenye cha kumi akakwama. Akakigusa kioo kwa ncha ya kucha, akatabasamu.

"Profesa, hii ndiyo nyota yangu. Ila umeilaza kifudifudi."

"Nimeilaza vipi?"

"Upande wa picha uko chini, kwa hiyo mwisho wa urujuani, ambao hukaa kushoto, umehamia kulia. Bila shaka na jana uliilaza hivihivi."

Akakigeuza, akakisogeza kando ya kile cha wiki iliyotangulia. Mistari ikakaa mahali pamoja, ila kwenye kioo hiki ilikuwa miwili miwili, alama ya nyota mbili zinazozungukana. Profesa akatazama mpaka masikio yakawa mekundu. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, kwamba tangazo la ugunduzi ataliandika yeye mwenyewe.

"Andika, Profesa," alisema Lavinia, akinyoosha mkono kuomba kalamu. "Lakini nianze mimi kuweka jina langu, nisije na mimi nikalazwa kifudifudi."

Ernestine akameza biskuti. Profesa akatoa kalamu.