Diski ya Tsedale

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba mwezi wa Hidar wa kalenda yetu ya Kihabeshi, mchana kweupe, hapo sokoni Merkato, katika duka la kompyuta la mtu anayeitwa Gashaw, ambaye mwenyewe hakuwepo. Wakubwa huwa hawapo siku kama hizo.

Nilikwenda kuchukua kompyuta mpakato ya marehemu mke wangu, Tsedale. Ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, unakunywa kahawa duru zote tatu za desturi na bado haijafunguka. Niliogopa itakufa kabla binti yetu Hiwot hajafika, ndipo nikaipeleka ibadilishwe diski. Hiwot alikuwa anatua siku hiyohiyo kutoka Beirut, ambako anafua nguo za watu kwa sababu kazi za hapa waligawana wakubwa waliotuahidi. Mama yake, akiwa mgonjwa, alimrekodia maneno humo: amempatia mtu wa kumshika mkono, asirudi tena utumwani. Mimi hakuniambia ni nani. Alijua mdomo wangu. Hiwot nilimwambia kwenye simu kwamba jina liko humo, tutalisikiliza pamoja.

Fundi, dada mmoja aitwaye Meklit, aliiwasha. Ikafunguka kabla sijakaa vizuri.

"Umeona, mzee? Hiyo ndiyo SSD, diski ya kisasa. Sasa inakimbia kama gari la waziri."

"Gari la waziri halisimami kwa watu. Nifungulie sauti za mke wangu."

Akafungua folda. Tupu. Akafungua nyingine. Tupu.

"Alirekodi lini?"

"Mwaka jana. Elfu mbili na kumi na sita."

Meklit akaitazama tarehe pembeni ya kioo. Kisha akauliza polepole, "Saa na tarehe ya kompyuta hii aliweka nani?"

"Yeye mwenyewe. Alisema hawezi kuhesabiwa miaka ya wazungu akiwa nyumbani kwake."

"Ee Mariamu." Akashika kichwa. "SSD hii ni ndogo kuliko diski ya zamani. Gashaw ametuamuru, nafasi isipotosha, programu ihamishe vitu vya miaka mitatu ya karibuni tu. Na programu inahesabu kizungu, mzee. Kwao sasa ni elfu mbili na ishirini na nne, sisi bado tuko kumi na saba. Sauti za mama imeziona kama takataka za miaka minane."

"Basi ziko kwenye diski ya zamani. Nipe."

Akatazama nyuma yake. Merkato nzima diski kuukuu hubaki kwa fundi, ndiyo desturi. Ya Tsedale ilikuwa kwenye meza ya pili, ndani ya kompyuta ya mfanyabiashara mmoja wa viatu aliyekaa akiisubiri, imeshafutwa na Windows inapandishwa juu yake.

Meklit alirukia ile meza akachomoa waya.

"Wewe dada, hiyo ni yangu," yule wa viatu akasema.

"Kaa, kaka."

"Nimekaa tangu asubuhi."

"Basi umeshazoea."

Akaifungua kompyuta kwa bisibisi, akaichomeka ile diski kwenye mashine yake na kuanzisha programu ya kufufua vilivyofutwa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Taa ikafifia, ikarudi. Sote watatu tukatazama juu, hata yule wa viatu.

Gashaw akapiga simu. Meklit alipomweleza, nilisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, imeshiba: "Mnunulie mzee chai. Mwambie vitu vya zamani hupotea."

"Mwambie aje anywe yeye," nikasema.

Faili zikaanza kujitokeza, nyingi zimevunjika, hazifunguki. Meklit alijaribu moja baada ya nyingine. Kisha moja ikakubali. Kukasikika mkwaruzo, halafu kikohozi ninachokijua. Yule wa viatu akavua kofia.

"Hiwotiye, mwanangu. Baba yako atanuna, mwache anune. Beirut usirudi. Nimeshaongea na mtu, anakusubiri, kazi ipo na chumba kipo. Nenda kwa..."

Ikakatika. Meklit akarudia. Ikakatika palepale. Akarudia tena.

"Baada ya hapo Windows imekanyaga," akasema kwa sauti ndogo. "Labda kuna kipande kingine mbele. Sijui."

Mstari wa kijani ulikuwa bado unatambaa simu yangu ilipolia. Ilikuwa Hiwot, na nyuma yake makelele ya uwanja wa ndege.

"Baba, nimetua. Nimewaambia wale wa Beirut sirudi tena. Sasa niambie, mama alisema niende kwa nani?"