Ile Ndege Mbaya

Maneno yalinifikia nikianika nguo. Yaliletwa na jirani yangu, tunayemwita Bi Redio kwa sababu hana swichi ya kumzimia.

"Wewe mwenzangu, mwanao bado yuko kule wanakochinja ndege?"

"Bado. Kuna nini?"

"Mtoe. Filimbi kasema ile ndege mbaya."

Akaokota kibanio changu cha nguo kilichoanguka, akanipa, akaenda zake. Mimi nikabaki na shuka mkononi.

Kuchinja ndege ni kazi ya kweli. Ndege za abiria zikizeeka huletwa kwenye karakana nyuma ya kiwanja, zinakatwakatwa. Bati la nje wanaliita ngozi. Linagongwa vipande vidogo vya umbo la yai, linatobolewa, linatiwa pete ya funguo, na kila kipande kinachorwa namba ya ndege yake. Wanunuzi ni watu wanaopenda ndege kupita kiasi. Mtu hajaridhika kupanda, anataka na kipande kining'inie kiunoni. Binti yangu, kifungua mimba wangu, ndiye alikuwa akivisugua kwa msasa. Aliipenda kazi ile. Mkono wake ulisifiwa na karakana nzima.

Na huyo Filimbi alikuwa fundi hukohuko kabla yake. Akivuta pumzi, pua yake inalia fyuu, fyuu. Watoto humfuata nyuma wakimwiga. Sisi tulidhani kazaliwa hivyo.

Shule yangu mimi iliishia ya msingi, lakini maana ya ndege mbaya naijua. Kwa tuliolelewa na bibi zetu, ndege mbaya ni mkosi. Nikajua tu: ile ndege ilianguka na watu, na mwanangu anasugua jeneza lao. Chakula kikanishinda. Na kweli siku hizo alikuwa ameanza kutoka damu puani.

"Mama, ndege imestaafu tu," alinicheka. "Haijaua hata kuku."

"Na hiyo damu?"

"Vumbi."

Alilitaja vumbi kama mtu anavyosema si kitu. Nami nikalipita, nikaendelea kuwaza maiti.

Nikaenda mwenyewe. Nilikuta dude limelala uwanjani, halina mabawa, limekatwa pua, viti vimetolewa nje vimepangwa juani kama vinasubiri abiria. Kijana mmoja juu ya ngazi akanipigia kelele: "Karibu buchani, mama! Tukukatie paja au kidari?"

"Nikatie ulimi wako," nikamwambia. Wakaangua kicheko.

Msimamizi alinipokea kwa heshima. Akanionyesha kadi zinazofungwa pamoja na vile vipande, zimeandikwa safari zote za ndege ile. "Haijawahi kuanguka, mama. Imezeeka tu, kama mimi na wewe."

"Zeeka peke yako, baba."

Akanipeleka hadi kwa binti yangu. Alikuwa kwenye kiti chake, mtandio mdomoni, ameinamia kipande. Alisugua duara dogo katikati: ikatoka rangi nyeupe, ikaja ya buluu, chini yake ikaja ya kijani inayokaribia manjano, mwisho bati linang'aa. "Wateja wanapenda kuona rangi zote," msimamizi akasema, "na ile ya chini kabisa ndiyo wanaigombania." Kope za mwanangu zilijaa unga wa manjano, kama nyuki aliyetoka kwenye maua.

Nikaona anapendeza. Nikarudi nyumbani mwepesi kama pamba, hakuna maiti, hakuna mkosi.

Ikaja Jumapili, mchana. Binti amelala mkekani, mimi nachambua mchele karibu yake. Nikasikia fyuu. Nikadhani Filimbi anapita, nikachungulia dirishani. Njia tupu. Nikarudi kukaa. Fyuu, fyuu. Nikainama, nikasogeza sikio mpaka usoni kwa mwanangu.

Ilitoka puani mwake.

Mchele ulimwagika wote. Sikuokota. Nilitoka bila hata kanga begani mpaka kwa Filimbi, nikamkuta mlangoni kwake anashona kiatu.

"Kaka, niambie kweli. Wewe ulizaliwa na hiyo filimbi?"

"Nani anazaliwa na filimbi, dada? Nimeipata buchani." Akaweka kiatu chini. "Pua ina ukuta katikati. Wangu una tundu. Ile rangi ya chini, ya kuzuia kutu, ina sumu. Unga wake unakula ukuta wa pua, ukimaliza unashuka kifuani."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilimwambia Bi Redio, ile ndege mbaya, imepakwa sumu tupu. Nyinyi mkachukua neno moja, mkaenda kutafuta mizimu."

Usiku ule nilimsihi mwanangu aiache kazi ile. Asubuhi akaniaga kwa upole, akaenda. Nikamfuata nyuma mpaka kwenye kiti chake.

"Mama, usiniaibishe mbele za watu."

"Aibu nitaizika mimi. Wewe inuka."

Msimamizi akaja mbio. "Mama, barakoa tumewapa."

"Hiki kitambaa? Hiki hata unga wa ngano hakizuii! Basi tieni maji mnaposugua, vumbi lisiruke."

"Maji yanachafua rangi. Wateja hawataki."

Binti akanishika mkono. "Ngoja basi nimalize hivi vya kwenye trei, nakuja." Akavuta pumzi aendelee, ikagoma. Akakohoa, akainama, hakuweza kuinuka. Vipande vikatawanyika sakafuni, nami nikavikanyaga nikimbeba.

Daktari alimulika pua kwa tochi. Tundu alilikuta, akasema halitajiziba. Cha kifua hakunificha: mirija imebana, na kilichoko chini zaidi hawezi kukijua leo, tutakuwa tunarudi. Kila kurudi naomba jibu, kila kurudi naambiwa tusubiri. Sasa mwanangu analala amekaa. Akijinyoosha anakabwa. Nami nakaa kusikiliza ile fyuu, maana ikinyamaza ndipo ninapokufa mimi.

Juzi Bi Redio alikuja kumjulia hali, na machungwa. Alilia kweli. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Na kile kiti chake, kimeshapata mtu? Mdogo wangu yuko nyumbani tu."

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Wazazi wenzangu, mjiepushe na haya:

Usisugue bati la ndege kuukuu likiwa kavu.

Usiiguse kwa msasa rangi ya kijani au manjano iliyo chini ya nyingine.

Usikubali kitambaa badala ya barakoa ya kweli ya kuzuia sumu.

Usikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba, wala usizifue na za watoto.

Usiseme "ni vumbi tu."

Damu puani usiiite mkosi. Nenda hospitali.

Usimcheke mtu anayelia pua. Muulize alifanya kazi wapi.

Ukiambiwa kitu ni kibaya, usiondoke kabla hujauliza ubaya wake ni upi.

Usikikalie kile kiti.