Mstari wa Mnunuzi

Nimekaa kwenye kaunta ya ofisi ya leseni ya Cutler Bend miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sijakosea karatasi hata moja. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani kwamba nililolifanya mwezi wa tatu nililifanya kwa kutojua. Nilijua vizuri sana.

Hapa kwetu Missouri boti husajiliwa kama gari. Unaleta hati ya umiliki, nyuma yake mwenye boti ameandika jina la anayempa na kusaini, mimi nagonga mhuri, nakupa stika ya kubandika ubavuni karibu na namba, na hati mpya inakufuata kwa posta. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini watu wa ziwani wana mazoea yao. Mtu akitaka kuitoa boti yake, husaini nyuma ya hati, huuacha mstari wa mnunuzi mtupu, kisha humpa mwenzake na kumwambia, "Utajaza mwenyewe." Wengine hufanya hivyo kukwepa ushuru, wengine kwa uvivu, na wazee hufanya hivyo kwa sababu baba zao walifanya hivyo. Kwa sheria, hati ya namna hiyo haipokelewi. Kwa mazoea, yeyote mwenye hati na kalamu ndiye mwenye boti.

Mzee Orval Tackett alikuwa mmoja wa hao wazee. Boti yake ilikuwa nyumba ya chuma juu ya maji, ya mwaka sabini na nne, imefungwa mwisho wa gati la Mobley. Ilikuwa na vyumba viwili, jiko, na kibaraza ambacho Orval alikaa akivua kambare baada ya kukatwa mguu. Kwenye fomu zetu inaandikwa boti ya starehe. Binti yake, Verlene, alikaa humo naye miaka kumi na mmoja, akimwogesha, akimbadilisha bandeji, akimpikia. Hakuwa na nyumba nyingine duniani. Starehe yenyewe ndiyo hiyo.

Mwezi wa pili kanisa lilinituma hospitalini nimpelekee Orval chakula ambacho hakuweza kukila. Aliniambia kwa mdomo wake, "Nadine, nimeshasaini ile hati. Ni ya Verlene. Atajaza jina lake, halafu atakuja kwako." Nikamwambia vizuri. Sikumwambia kwamba ilimpasa kuliandika jina la Verlene yeye mwenyewe, papo hapo, wakati angali hai. Kalamu ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Sasa mtu ataniuliza Verlene alinikosea nini. Alikuwa jaji wa pai kwenye maonyesho ya kaunti, mwaka wa tisini na nane. Alikata kipande cha pai yangu ya pichi, akatafuna polepole, akaweka uma chini, akasema mbele ya umati, "Pichi nzuri. Ganda ni la dukani." Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Na kweli lile ganda la unga sikulikanda mwenyewe, lilikuwa la dukani, la boksi jekundu, lakini hakuwa na haja ya kulisema. Mpaka leo nikienda dukani kununua unga, yule mzee anayepokea pesa huniuliza kama nimechoka kununua maganda.

Orval alizikwa Jumatano. Chakula kililiwa kwenye chumba cha chini cha kanisa: nyama ya paja, viazi vya kuoka na jibini, ile saladi ya kijani inayotikisika ambayo hailiwi na mtu wala haikosekani. Verlene alisimama nyuma ya meza akiwapakulia watu, macho mekundu, aproni ya mtu mwingine kiunoni. Kaka yake, Royce, alikuwa amekuja kutoka Springfield, anakouza mabwawa ya kuogelea ya plastiki. Huyu alimwona baba yake mara moja tu kwa mwaka, Sikukuu ya Shukrani, siku ya kula bata mzinga. Katikati ya mlo Royce akasema anakwenda kuchukua barafu. Alikaa nusu saa nzima, akarudi bila barafu. Nilimwona. Gati la Mobley ni dakika saba tu kutoka kanisani.

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, Royce alikuwa mbele yangu, nywele zimechanwa kwa maji.

"Habari ya asubuhi, mama Pogue. Nimekuja kubadilisha boti ya mzee."

"Pole kwa msiba. Lete hati."

Akaisukuma juu ya kaunta. Nikaigeuza. Sahihi ya Orval ilikuwa ya wino mweusi, imetetemeka, tarehe tatu ya mwezi wa pili. Jina la Royce lilikuwa la wino wa bluu, limenyooka, zuri. Nikapitisha kidole gumba juu yake na kidole kikatoka na bluu.

"Baba yako alikuandikia wewe?" nikamuuliza.

"Si unaona mwenyewe? Jina hilo hapo."

"Naona."

"Basi."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Hata si sentensi, ni neno: haipokelewi. Baada ya hapo hati ingekwenda mahakama ya mirathi, watoto wote wawili wangetakiwa kusaini, na mpaka siku hiyo hakuna ambaye angeweza kumtoa Verlene kwenye boti. Neno lilikuwa mdomoni. Halafu nikalikumbuka lile ganda la pai, na kicheko cha mume wangu, ambaye sasa ni marehemu na siwezi tena kugombana naye. Nikachukua mhuri nikagonga.

"Hongera," nikamwambia, nikampa stika. Nilijisikia vizuri sana. Nilijisikia vizuri mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Siku ileile Royce alibandua stika ya zamani, akabandika mpya, akamwonyesha dada yake karatasi yenye mhuri wangu na kumpa saa moja akusanye vitu vyake. Anataka kuipangisha kwa wavuvi wa mwishoni mwa juma, alisema, na wavuvi hawataki kumkuta mwanamke jikoni. Verlene akatoka na mabegi mawili na kikaango cha chuma. Royce akaweka kufuli akarudi Springfield. Mobley, mwenye gati, akampa Verlene kitanda cha kukunja kwenye stoo ya duka lake la chambo, nyuma ya majokofu ya minyoo.

Ijumaa asubuhi alikuja kwangu. Ofisi ilikuwa tupu. Akaja moja kwa moja kwenye kaunta.

"Nadine, ile hati ilikuwa yangu."

"Chukua namba kwanza."

Akageuka akatazama viti vitupu. "Hakuna mtu."

"Utaratibu ni kuchukua namba."

Akaenda kwenye mashine, akavuta karatasi, akakaa. Nikapanga klipu zangu. Nikanywa kahawa. Kisha nikabonyeza kengele, namba arobaini na moja ikawaka, na Verlene akasimama, mwanamke wa miaka sitini na mbili, na kile kikaratasi mkononi.

"Ilikuwa kwenye bati la biskuti juu ya friji," akasema. "Baba aliisaini. Nilikuwa nasubiri tumzike kwanza. Niliona si adabu kuja kubadilisha boti wakati mzee yuko mochwari."

"Adabu nzuri hiyo. Lakini jina lililoandikwa si lako."

"Wewe unayajua maandishi ya baba."

"Mimi nasoma, Verlene. Sipimi maandishi."

"Alikwambia ni yangu. Aliniambia kwamba alikwambia."

"Mgonjwa husema mengi."

Akanitazama. Sikuyakwepa macho yake, hilo najipa sifa. Akauliza kama kuna lolote la kufanya. Nikamwambia aende kwa wakili, nikijua wakili wa karibu yuko maili arobaini na yeye hana gari wala cha kumlipa. Sikumwambia neno lile moja. Angelijua Ijumaa ile, angeweza kuandika barua ya nusu ukurasa kwa jimbo na hati ya Royce ingefutwa. Akakunja ile namba arobaini na moja, akaitia mfukoni, akanishukuru. Ndivyo walivyolelewa akina Tackett.

Mwezi wa nne mvua ikaja. Sasa, boti ile ilikuwa na tumbo lililoliwa na kutu, lenye matundu ya kupitisha sindano. Kwa miaka kumi na mmoja Verlene aliwasha pampu mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kahawa na jioni baada ya vyombo, akatoa maji ndoo hamsini, sitini. Orval hakupenda watu wajue, kwa hiyo halikusemwa. Royce hakujua kama boti ina pampu. Yeye kazi yake ni kuuza mabwawa, na bwawa hutakiwa kushika maji.

Mobley alinisimulia. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili ya mvua aliingia stoo, akamkuta Verlene amekaa kitandani anatazama dirishani. Kibaraza kilikuwa kimelala upande mmoja, maji yamefika kwenye kiti cha Orval.

"Verlene, boti inazama."

"Naona."

"Nikate kufuli?"

"Si boti yangu, Mobley. Muulize mwenyewe."

Mobley alipiga simu Springfield mara tatu. Royce alikuwa anaonyesha wateja bwawa. Kufika saa saba mchana, paa na ubavu mmoja tu ndivyo vilivyobaki juu, na namba, na ile stika mpya. Verlene hakuondoka dirishani siku nzima. Mobley anasema alilia, ila si mwanzoni. Alilia kiti cha baba yake kilipochukuliwa na maji.

Jimbo halina mchezo na boti iliyozama. Royce akapata barua: aliye kwenye hati ana siku thelathini kuitoa ziwani, la sivyo atakutana na hakimu. Wenye winchi za kuvuta vilivyozama wakamtajia bei, na nasikia aliketi chini palepale gatini.

Basi Jumatatu iliyopita, saa kumi na nusu jioni, mlango ukafunguka wakaingia wote wawili. Royce alikuwa amenyoa vibaya. Verlene alikuwa amekonda, na alinuka chambo kidogo, maana siku hizi anauza dukani kwa Mobley. Akaenda kwenye mashine kwanza akavuta namba. Royce hakuvuta.

"Mama Pogue," Royce akasema, "namrudishia dada yangu boti. Ndivyo mzee alivyotaka. Nilikosea, nakiri." Akamgeukia. "Dola moja, Verlene. Hata hiyo sitaki. Andika jina lako tu."

"Ukaniita kutoka kazini kwa hili," Verlene akasema.

"Wewe ulijua habari ya maji. Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa saa moja, Royce. Nilikuwa nakunja nguo."

"Dada yangu, nitafungwa mimi."

"Hawafungi kwa boti. Watakuchukulia lile gari lako tu."

Royce akaiweka hati mpya juu ya kaunta, akaigeuza, akasaini mbele yetu kwa kalamu ileile ya bluu, na kuusukuma mstari mtupu mbele ya dada yake. Verlene hakuigusa. Akanigeukia mimi.

"Nadine, hii inafaa? Yeye amesaini, jina halipo?"

Hapo ndipo nilipojichongea. Nilikuwa namtazama Royce, jinsi kidevu kilivyokuwa kinamcheza, na nikataka kumwona akikwama. Na tena ni swali la kazi, na mimi maswali ya kazi huyajibu bila kufikiri.

"Haifai," nikasema. "Mwenye boti akisaini na mstari wa mnunuzi ukiwa mtupu, hati imekufa. Siipokei."

"Hata nikijaza jina langu sasa hivi?"

"Hata ukijaza. Jina linaandikwa kwanza, na anayetoa ndiye anayeliandika."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza hapa. Miaka ishirini na—"

Lakini ilikuwa imeshatoka. Royce alikuwa akinung'unika kuhusu hati mpya na kuomba fomu nyingine, wala hakuelewa chochote. Verlene alielewa. Niliona jambo lenyewe likimfikia polepole, likishuka usoni. Alitazama mhuri wangu kwenye kishikio chake. Alitazama kidole changu gumba, kana kwamba wino ule bado uko pale.

"Kwa hiyo ya baba ilikuwa imekufa," akasema. "Alhamisi ile."

Nikaanza kupanga klipu zangu.

"Na Ijumaa, nilipokaa pale na namba. Ulikuwa unajua."

"Verlene, kuna taratibu."

"Ningekuwa nyumbani," akasema. Hakuwa akinisemesha mimi. "Ningewasha pampu."

Royce akauliza, "Mnaongea nini?"

Verlene akaegemea kaunta kwa viganja vyote viwili. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata jibu nilikuwa nalo. Badala yake alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikutana nami wapi, kisha akakumbuka.

"Ni ile pai, Nadine?"

Alisema kwa upole, kama anayetaka tu kuhakikisha. Nikasikia uso wangu unaungua mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia kwamba ni kosa, kwamba kulikuwa na watu wengi siku ile, kwamba macho yangu hayaoni vizuri. Yeye alikuwa ananyoosha kile kikaratasi cha namba kwenye kaunta kwa kidole, anasubiri.

Nikabonyeza kengele ya namba inayofuata. Ikawaka pale juu, na ilikuwa ni ya kwake.