Kola ya Mpiga Picha

Walimwita Fremu kwa ile tabia yake ya kuunganisha vidole na kuichungulia dunia katikati yake, hata mezani, chakula kikipoa. Siku ya onyesho vidole hivyo alivificha mfukoni. Filamu fupi zilikuwa zikionyeshwa katika ukumbi wa shule, mchana kweupe, madirisha yamezibwa kwa mashuka meusi na projekta imeegeshwa juu ya kreti za soda. Waandaaji walijigamba kwamba kazi zote ni za watengenezaji wanaojitegemea. Neno zuri hilo. Maana yake ni watu wanaoazima kamera, wanaoazima taa, na wakikosa mwigizaji wanaazima baba.

Fremu alikuwa amemwazima wake. Mzee huyo alikuwa amekaa safu ya mbele, ndani ya koti la kijivu alilovaa siku ya kumzika mkewe. Viti vichache kutoka kwake alikaa mama mwenye miwani minene, mkuu wa tamasha kubwa la filamu, aliyekuja kuchagua filamu moja tu ya kwenda nayo. Fremu aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Filamu yake ilihusu kifo cha mama yake. Baba aliigiza alichokiishi: anapokea habari, anakunja magauni ya marehemu, analia. Ila mzee huyo alikuwa ametumia umri wake wote nyuma ya kamera ya studio, akiwaambia watu, "Kaa sawa. Weka kola vizuri. Inua kidevu. Tazama hapa." Kwa hiyo kila uchungu ulipomfika, mkono wake ulikwenda kwenye kola, kidevu kikapanda, na macho yaliyojaa machozi yakaitazama kamera moja kwa moja. Rafiki aliyemsaidia Fremu kuhariri alimwonya.

"Hivi vipande toa, bwana. Anaangalia kamera."

"Sitoi. Hata pale kaburini kwa mama alifanya vilevile. Hivyo ndivyo baba anavyolia."

Na alikuwa mkweli. Fremu mwenyewe alilia mbele ya kompyuta, akaviacha vyote.

Taa zikazimwa. Kwenye shuka jeupe baba akazika uso ndani ya gauni la bluu, akauinua umelowa, akaweka kola sawa, akainua kidevu, akautazama ukumbi. Kule nyuma mtu akacheka. Mmoja tu. Lakini kicheko ni kama kikohozi ukumbini, akianza mmoja, kila koo linawashwa. Mara ya pili walikuwa wanakisubiri. Baba akakaa kitandani upande usio wake, midomo ikaanza kumcheza, na kabla mkono haujapanda vijana wakapiga kelele: "Kola!" Mkono ukapanda. Watu wakapigana makofi ya mgongoni. Mama wa tamasha akavua miwani na kujifuta machozi.

Mzee akageuka kuwaangalia watu waliokuwa wakicheka. Akatabasamu kidogo, kama mgeni aliyekosa mzaha wa wenyeji.

Mshereheshaji wa siku hiyo alikuwa mtu wa kuchekesha hata msibani, na leo msiba aliletewa mlangoni. Utaratibu ulikuwa kwamba filamu ikiisha, aliyeitengeneza apande jukwaani kuulizwa maswali.

"Mbavu zangu mimi!" alianza. "Mwongozaji, hebu tuambie. Ile ya kola mlipanga, au mzee alijitungia?"

Jibu lilikuwepo, limekaa tayari kwenye ulimi wa Fremu: huyu ni baba yangu, na aliyekufa ni mama yangu kweli, na hakuna kilichokuwa cha kuchekesha. Aliona aibu. Aliona pia mama wa tamasha akimtikisia kichwa kwa furaha. Ulimi hauna mfupa.

"Tulipanga," akasema. "Tulifanya mazoezi sana."

"Kipaji hicho umekitoa wapi?"

"Ni mzee mmoja tu. Wa mtaani kwetu."

"Si yule pale! Mzee wetu, simama wakuone!"

Baba akasimama. Maskini, alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu bila kujiweka sawa. Mkono ukaenda kwenye kola, kidevu kikapanda, na ukumbi ukalipuka, watu wakapanda juu ya viti. Mshereheshaji akashuka na kipaza sauti, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Mzee, wewe na mwongozaji mnajuana vipi?"

Baba akamtazama mwanawe kule jukwaani. Alimtazama taratibu, kama alivyokuwa akiwatazama wateja kabla ya kubonyeza.

"Mtaani tu," akasema.

Filamu ya Fremu ikachaguliwa. Watu wakambeba juu juu, wakampigia makofi, na, kusema kweli, aibu haikumfanya akatae hata kofi moja. Alipofanikiwa kutoka nje alimkuta mzee kibarazani, peke yake, koti mkononi.

"Ungeniambia mapema kwamba ni ya kuchekesha," baba akasema. "Nisingelia kweli."

Fremu akanyoosha mkono kulipokea koti. Kabla hajalishika, mama wa tamasha akawafikia, amewanyooshea mikono wote wawili.

"Nataka nyingine! Haraka, kabla watu hawajamsahau. Na mzee huyuhuyu, nisione mwingine. Mzee wangu, utakubali?"

Baba akatazama chini. Kola ya shati lake ilikuwa imepinda upande mmoja, na hakuigusa.

"Nitakuja, mwongozaji," akamwambia mwanawe. "Safari hii nani amekufa?"

Fremu alitaka kusema "Baba". Mama wa tamasha alikuwa bado amesimama pale, akitabasamu, akisubiri jibu.