C ya Ngapi?

Saa tano kasoro robo asubuhi, saluni ya dada yake imejaa pomoni, Chapuchapu alifungua ukurasa wa masomo kwenye simu kuona matokeo ya mtihani. Palikuwa na herufi moja tu: C.

"Namba yangu iko wapi?" akaiuliza simu.

Jina la Chapuchapu alipewa wodini, anakohudumia wagonjwa kwa mkataba wa muda, maana hatembei, anapepea. Miezi sita amesomea uuguzi msaidizi kwa simu, na miezi sita hiyo saluni nzima ilizijua alama zake kuliko bei ya kusuka. Alipopata sabini na mbili kwenye somo la vidonda walishangilia mpaka mteja mmoja akaunguzwa sikio na pasi ya nywele. Sasa chuo kimeficha namba za alama, kinaonyesha herufi tu, eti wanafunzi wanagombana na walimu kwa nusu alama.

"C si umefaulu?" dada mtu akauliza, kitana mdomoni.

"Dada, hujui wewe." "Wenye B wanaajiriwa moja kwa moja. Mwenye C anabaki na mkataba wake, asubiri mwaka mwingine. D anatoka wodini, na masomo anaanza upya. Kurudia mtihani ni mara moja, leo, mwisho saa sita. Na wanahesabu wa pili, hata ukiwa mbaya kuliko wa kwanza."

"Basi rudia."

"Nirudie nikiwa na ngapi? C ni hamsini mpaka sitini na tisa. Kama nina sitini na tisa, sawa. Kama nina hamsini je? Nikiteleza kidogo tu nimekwisha, dada!"

Alimpigia mwalimu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Mwanangu, hata sisi wametukataza kuzitaja. C ni C."

Kwenye kiti cha kusukia alikaa jirani yao, mama mtu mzima aliyeitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona jini.

"Lete hiyo simu," akasema. "Wenzako wamepata nini?"

Orodha ya darasa ilikuwa na namba za usajili bila majina. A juu, kisha B, kisha C, kisha D.

"Wewe ni yupi hapa?"

"Mia na nne."

Redio akavaa miwani. "Mia na nne, kumi na saba, tisini, sitini na mbili. Huu si mpangilio wa usajili. Wamepanga kwa alama, hawa! Mlango wamefunga, dirisha wakaliacha wazi. Na wewe ndiye wa kwanza kwenye C, mwanangu. Uko kizingitini kwa B!"

Saluni ikalipuka. Chapuchapu hakulipuka. Je, kama wamepanga kwa siku ya kuwasilisha? Kama wamemwaga tu? Saa ya ukutani ilisema tano na dakika ishirini na tano, na mtihani ni nusu saa kamili.

"Mnanisukuma shimoni," akasema.

"Tunakusukuma juu," dada yake akajibu.

Akabonyeza Anza.

Dada akazima mashine ya kukaushia nywele. Hata Redio alinyamaza, jambo ambalo lilimtisha Chapuchapu zaidi. Maswali ishirini. Swali la saba: mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya muda gani? Amewageuza wangapi kwa mikono hii hii! Lakini jibu lilimtoroka, na alipoinama kulitafuta tone la jasho likadondoka kwenye kioo cha simu, kidole kikakimbilia kulifuta, jibu likajichagua na ukurasa ukahama. Kurudi nyuma hakuruhusiwi.

"Mungu wangu," akanong'ona. Kumi na matatu yaliyobaki aliyajibu bila kuhema vizuri.

Saa sita kasoro dakika tano akatuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha ikaja.

C.

Hakuna aliyejua ashangilie au alie. Chapuchapu aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Si D. Kazi anayo. Ila amepanda au ameshuka? Orodha ya darasa bado ni ile ile ya asubuhi.

"Tuseme umepanda," Redio akasema. "Nani atabisha?"

Na kabla hajajibiwa, Redio alishaweka simu yake sikioni, anaitangaza habari.

Chapuchapu alivaa sare akaenda zamu ya saa saba. Njia nzima alikuwa akimgeuza kichwani yule mgonjwa wa swali la saba, kila saa mbili, kila saa mbili, jibu limerudi sasa ambapo halina kazi. Getini mlinzi akavua kofia.

"Pole, dada. Tumesikia umeikosa B kwa alama moja."

Chapuchapu alimtazama.

"Moja tu," akasema, akaingia ndani haraka kabla hajaulizwa nani kamwambia.