Pengo la Mashina Mawili

Tangu mvua za Aprili zibomoe daraja la chini, lori la kiwanda halifiki tena kwetu. Linasimama juu barabarani, kwenye banda la mizani, na sisi wa chini tunapanda na majani mgongoni. Ukifuata barabara ni dakika arobaini. Ukikata katikati ya chai yetu ni dakika kumi na mbili, kama hujabeba mtoto. Kwa hivyo kila mtu anakata katikati ya chai yetu.

Jumatano hiyo mkutano wa kijiji ulifanyiwa hapo hapo bandani, saa nane mchana, watu wakingoja lori. Ndivyo tunavyofanya siku hizi. Ukiita mkutano siku nyingine watakuja watu sita, na wawili kati yao wamekuja kuulizana habari za ng'ombe. Watu walikaa juu ya magunia yao. Mimi nilipewa kiti cha karani wa mizani kwa sababu mimi ndiye mwandishi. Nilichaguliwa mwaka juzi nilipomaliza masomo ya jioni pale shule ya msingi. Mzee Johana, ambaye ndiye mzee wetu wa kijiji, alisema ni vizuri tupate mwandishi anayeweza kusoma alichoandika mwenyewe. Watu walicheka, maana aliyekuwepo kabla yangu hakuweza.

Chemutai, binti yangu, alikuwa amelala mgongoni kwangu. Ana mwaka mmoja na miezi minne, na akilala anakuwa mzito mara mbili.

Naibu wa chifu, Madam Joan, alikuja kwa pikipiki, akashuka na helmeti yake kwapani, akaomba tuanze kwa maombi na tusikawie. Hoja ya kwanza ilikuwa maombi. Ya pili ilikuwa ufunguo wa choo cha bandani, nani akae nao.

"Akae nao mtu anayeishi karibu," alisema mama mmoja. "Si mtu wa kule ng'ambo. Mimi juzi nilienda kuomba ufunguo nikiwa na shida, nikaambiwa nikae kwanza ninywe chai."

"Na ulikunywa?" aliuliza Jackton.

"Ningefanya nini? Nilikunywa."

Banda zima lilicheka. Jackton ni mwendesha pikipiki. Baba yake alikuja huku kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, na yeye amezaliwa hapa hapa, anaongea Kipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko watoto wetu. Mkewe Wilkista anachuna chai ya watu kwa siku. Niliandika: Ufunguo ukae kwa karani wa mizani. Nikapiga mstari.

Hoja ya tatu ilikuwa njia.

Mzee Johana alisimama. Alisema kila mtu anajua shida yetu. Lori halitarudi chini mpaka daraja lijengwe, na daraja litajengwa siku serikali ikijisikia. Kwa hivyo kamati ilikuwa imeonelea ile njia ya kwa Kipkurui, mume wangu, ifanywe njia ya kijiji kabisa. Ipanuliwe ifike futi sita, ichimbwe futi moja kwenda chini, ijazwe mawe na kifusi, pikipiki ipite hata wakati wa mvua.

"Hapo sasa!" alisema Jackton. "Magunia manne kwa safari moja. Akina mama watapumzisha migongo."

"Na wewe utapumzisha mfuko," Wilkista alimwambia mumewe, na watu wakacheka tena.

"Ngojeni nimalize," alisema Mzee Johana. "Nisije nikaambiwa tunanyakua shamba la mtu. Njia yenyewe iko tayari. Mwenye shamba ndiye aliyeacha nafasi. Nendeni mtazame ile mistari. Chai, chai, chai, halafu pengo. Nani anaacha pengo kwenye chai kama si njia?"

Watu waliitikia. Hata mimi ningeitikia. Mtu aliyechuna chai tangu utoto anaijua hiyo kwa miguu, si kwa macho. Mashina yamebanana, kila baada ya mistari kadhaa unaachwa upenyo mdogo, na wewe na mzigo wako unatokea hapo. Huulizi. Ukiona pengo, unapita.

Hilo pengo ni la mashina mawili. Aliyeyang'oa ni Kogo, mama mkwe wangu, ambaye tunamwita hivyo, yaani nyanya, wote nyumbani kwa sababu ya watoto, hata mimi. Yalikuwa mwanzoni mwa mstari wa saba, hatua thelathini kutoka jikoni. Mwaka wa nne sasa. Mtoto wangu wa kwanza alikaa siku mbili, na siku ya tatu asubuhi hakuamka. Kipkurui alikuwa Narok, kwenye mashine za kuvuna ngano, na hakupatikana kwa simu. Kogo alimfunga kwa shuka la kanisani, akaenda shambani na jembe fupi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisema mtoto mdogo hivyo hawekewi msalaba, tutajua sisi wenyewe. Nilimwambia ni sawa. Nilikuwa nimeshika mlango na maziwa yalikuwa yanatoka, yanalowesha nguo.

Wiki mbili baadaye Wilkista alikuja kutuchunia. Saa sita alitokea hapo penye pengo na mzigo wake, akanisalimia. Nilikuwa nimesimama na kikombe. Nilimwona anakanyaga. Nikamwitikia salamu.

Siku iliyofuata walipita wawili. Kufika Krismasi palikuwa pamekuwa pagumu kama sakafu. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Si kwamba niliumia nikaficha. Ningeumia labda ningepiga kelele. Kusema kulitaka niwe na mahali pa kuanzia, na sikupaona. Niliosha vyombo. Nilienda masomo ya jioni kwa sababu yalikuwa jioni, na jioni zilikuwa ndefu. Nilimpata Chemutai. Watu waliendelea kupita.

"Mwenye shamba aseme mwenyewe," Madam Joan alisema. "Kipkurui yuko?"

Mume wangu alisimama nyuma, kofia mkononi. Yeye si mtu wa maneno mengi.

"Mimi sina neno," alisema. "Hapo hakuna chai inayoharibika. Ni njia ya watu siku nyingi. Chukueni."

Walimpigia makofi. Mzee Johana aliuliza nani anaunga mkono, mikono ikainuka. Nilihesabu thelathini na mmoja. Kogo alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na nguzo na mikono yake ilikuwa mapajani. Hakuinua. Hakuwa anamtazama Mzee Johana wala mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kazi ni Jumamosi," alisema Mzee Johana. "Kila boma lilete jembe moja na mtu mmoja. Mtu, si mtoto wa darasa la pili."

Niliandika: Kazi ni Jumamosi. Niliandika: futi moja kwenda chini. Nikalitazama hilo neno futi. Kogo wakati ule alikuwa na miaka sitini na mbili, na jembe lilikuwa fupi, na udongo ulikuwa tope. Sikuwa nimejua alifika wapi. Sikuwahi kumuuliza.

Mkono wangu uliendelea kuandika. Sikuutuma. Sikulia wala moyo haukwenda mbio, niseme ukweli. Chemutai aligeuza kichwa upande mwingine wa mgongo, nikasubiri atulie, nikamalizia mstari.

Kwetu mkutano haufungwi mpaka mwandishi asome yaliyoandikwa, watu wakubali, Madam Joan atie sahihi. Niliambiwa nisome. Nilisimama nikasoma tarehe, waliohudhuria, maombi. Nilisoma ufunguo wa choo. Watu walikuwa wanakung'uta sketi na kufunga magunia, kwa sababu lori lilikuwa limesikika kwenye kilima.

"Hoja ya tatu," nilisoma. "Njia. Mwenyekiti alisema njia ya kwa Kipkurui ipanuliwe futi sita, ichimbwe futi moja. Mwenye shamba alikubali. Wanaounga mkono ni thelathini na mmoja. Mwandishi alisema kwamba hapo si njia. Alisema palipoachwa wazi amezikwa mtoto wake, na kwamba hajui amelazwa kina gani. Kazi ni Jumamosi. Kila boma lilete jembe moja."

Nikasimama hapo na daftari.

"Hebu ngoja," alisema Mzee Johana. "Hiyo haikusemwa hapa. Mama Chemutai, hiyo maneno ilisemwa saa ngapi?"

"Haikusemwa," nilimwambia. "Niliiandika."

"Miniti za mkutano ni za yale yaliyosemwa. Huwezi kuandika..."

"Mzee," alisema Madam Joan. "Sasa imesemwa."

Lori lilifika, likazima injini. Hakuna aliyeinuka kwenda kupanga foleni. Wilkista alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, na niliona anahesabu kitu kichwani, pengine siku alizopita hapo.

Kipkurui alikuja mbele. Alipita katikati ya magunia polepole, kama mtu anayevuka mto.

"Si ni kule chini?" aliniuliza kwa sauti ndogo, kama tuko nyumbani. "Si ni kule chini karibu na maji?"

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya kile kipande chake cha nyasi. Kule chini, mwisho wa shamba, kuna mahali ambapo Kipkurui hakati nyasi. Anakata za ng'ombe mpaka hapo, anazunguka, anaendelea. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote. Nilifikiri ni mawe yanaharibu panga. Aliporudi kutoka Narok, siku ya sita, aliuliza mtoto amewekwa wapi, na Kogo akamwambia, kule chini, kwenye chai. Hakuuliza tena, na mimi sikumwonyesha.

"Kule ni nyasi tu," nilimwambia.

Alitikisa kichwa mara mbili. Akavaa kofia, akaivua tena.

"Mama," alimgeukia Kogo. "Kwa nini hukusema?"

"Ni wake," alisema Kogo. "Nilikuwa nangoja yeye aseme. Nimengoja sana, mpaka nikaona nitakufa kwanza."

Madam Joan alichukua daftari kutoka mkononi mwangu, akaomba kalamu. "Tuandike vizuri," alisema. "Alikuwa na jina?"

"Kiprop," alisema Kogo. "Alikuja na mvua."

Madam Joan aliandika. Ana mwandiko mkubwa wa ofisini. Nilitazama jina likiandikwa na nikangoja nione kama kitu kitatokea ndani yangu. Hakikutokea. Chemutai alikuwa ameamka, anavuta nywele zangu. Nilisikia tu uzito wake.

Mzee Johana aliketi kwenye gunia. Alikohoa. Kisha akasema kama mtu anayeongea na magoti yake kwamba kijiji bado kinahitaji njia, hilo halijabadilika, yeye si mtu mbaya lakini majani hayawezi kuruka.

"Ipite mstari wa kumi na mbili," alisema Kipkurui.

"Huko kuna chai."

"Najua kuna chai. Nilipanda mimi."

Walipiga hesabu kwa vidole, mashina mangapi yatang'olewa kutoka juu mpaka chini. Yalikuwa karibu mia moja na hamsini. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mzee Johana alisema basi ipite nusu kwake upande wa juu, kwenye majani ya mabingobingo ya kulisha ng'ombe, chai isiumie yote. Hakuna aliyepiga makofi. Mikono iliinuka tena na mimi nikahesabu tena. Kogo aliinua wake.

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mashina ya chai ya miaka kumi na mitano hayang'oki kwa urahisi, yanashika chini kana kwamba yameambiwa yashike. Jackton alileta mnyororo wake wa pikipiki, ukakatika, akatukanwa vizuri na mkewe. Nilipika chai na viazi vya watu arobaini. Kipkurui alichimba kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, na alipokuja kunywa uji aliketi nami kwenye benchi la jikoni, bega kwa bega, tukitazama mstari wa saba.  Tulikuwa tunatazama mahali pamoja.

Jumapili baada ya kanisa alienda kule chini na panga, akakata zile nyasi. Alizileta zote kwa ng'ombe.

Njia mpya ni nzuri. Ina mawe, haishiki tope. Hata hivyo miguu ya watu imezoea, na Jumatatu nilipokuwa naanika nguo nilimwona Wilkista akipanda na mzigo, kichwa kimeinama chini ya kamba iliyoushika, akielekea moja kwa moja kwenye pengo. Kichwani alikuwa anajua, nina hakika. Miguu ndiyo ilikuwa haijui.

Nilikuwa na nepi ya Chemutai mkononi, imelowa.  Nilidhani itakuwa kama zamani, nitasimama, atapita, tutasalimiana.

"Wilkista," niliita.

Alisimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika ukingoni.

"Dada, njia iko huku. Hapo kuna mtoto wangu."

"Uwi, nisamehe, mama," alisema. Alirudi nyuma hatua mbili na mzigo wote, akaenda kwa mstari wa kumi na mbili. Nilimtazama mpaka akafika juu. Kisha nikaendelea kuanika, na nilipomaliza niliona nguo moja ya Chemutai nimeibana mara tatu, vibanio vitatu kwenye soksi moja. Niliviacha vyote vitatu.