Taa za Ngazini

Mzee Kipyego wa kijiji cha Ziwa hakuwa mtu wa kuona taa inawaka mchana akanyamaza. Siku aliyokwenda Eldoret na mkewe Jeruto na mjukuu wao mchanga kuona ofisi ya binti yao Jerop, gorofa ya nane, hasira zilimpanda tangu mlangoni. Jua kali nje, na humo ndani taa kila pembe! "Hawa watu stima wanalipiwa na nani?" alinung'unika.

Wakati wa kuondoka, Jeruto alibaki akimfunga mjukuu mgongoni. "Tangulia, Baba Jerop. Mimi nitashuka na lifti."

Mzee na lifti hawakupatana, basi akashika ngazi. Kila gorofa alikuta swichi ukutani, na kila aliyoipita aliizima, ameridhika kama mtu aliyemaliza kufunga zizi. Ngazi hizo hazikuwa na dirisha hata moja, lakini mbele yake kulikuwa na mwanga. Ya nyuma yalimhusu nini?

Chini alimkuta Wanyonyi, mlinzi. "Pole Mzee, lifti imekwama sasa hivi. Itabidi watu wote watumie ngazi."

Mzee aligeukia ngazi. Jeruto ana jicho moja tu linaloona vizuri, tena ana mtoto mgongoni.

"Mama Jerop!" Sauti yake ilipanda gizani ikapotelea huko. Akasikia mtoto analia, mbali juu, halafu kitu kikabingirika ngazi kwa ngazi, na kilio kikakatika.

Hapo mzee aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Alipanda akipapasa ukuta kutafuta swichi alizozizima mwenyewe, akijikwaa, akiomba, "Mungu wangu, nisiwe nimewaua." Gorofa ya tatu, taa ilipowaka, aliona chupa ya maziwa ya mtoto imelala sakafuni. Aliiokota akaendelea kupanda.

Aliwapata gorofa ya tano. Jeruto alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma cha pembeni, mwingine umembana kifuani mtoto aliyemshusha mgongoni. Wazima wote wawili.

"Sijui ni nani amezima hizi taa," mzee alianza.

"Nilijua ni wewe," Jeruto alisema bila kumtazama. "Hata nyumbani unanizimia nikiwa bado naosha vyombo. Mimi nimezoea, Baba Jerop. Nakaa tu chini, nangoja ukumbuke kwamba niko."